Saint-Malo na Pwani ya Zumaridi: mwongozo wa safari inayofuata maji

Wengi wanaokwenda Ufaransa huanzia Paris na kumalizia Paris. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupanda treni na kwenda hadi reli inapoishia baharini, kaskazini-magharibi mwa nchi, katika mkoa wa Bretagne. Kipande cha pwani ninachokisemea kinaitwa Côte d'Émeraude, yaani Pwani ya Zumaridi, kwa sababu ya rangi ya maji yake. Mashariki kinaanzia Cancale, mji wa chaza. Magharibi kinafika Rasi ya Fréhel yenye magenge ya mwamba ya urefu wa mita 70. Katikati upo Saint-Malo, mji wa mawe uliozungushiwa ukuta, na ukuta wenyewe umezungukwa na maji. Ukiongeza Mont-Saint-Michel, mlima wa mwamba wenye kanisa juu yake, ulio karibu upande wa mkoa jirani wa Normandie, unapata wiki nzima ya urithi, hewa safi na mapumziko.

Shika neno moja kabla ya mengine yote: hapa bahari ndiyo inayopanga siku. Saint-Malo, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) likiwa kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika takriban mita 13. Mombasa au Unguja, bamvua letu huwa la mita 4 hivi, na tayari tunaona ngalawa zikikaa mchangani na kina mama wakitembea mbali kufuata mwani. Zidisha hiyo mara tatu. Visiwa huwa vilima vya kupanda kwa miguu, kisha baada ya saa chache huwa visiwa tena. Mgeni anayepanga safari kwa kuangalia hoteli tu atafika kwenye njia ya mawe na kuikuta imeshafunikwa. Anayeangalia maji kwanza ataiona pwani nzima.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Aliyekulia pwani anajua tayari: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na katikati yake huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Wafaransa wanapima ukubwa wa maji kwa namba iitwayo coefficient, inayoanzia 20 hadi 120. Chini ya 50 ni maji mafu. Karibu na 70 ni ya kawaida. Ikivuka 90 ni bamvua, na ikivuka 100 watu wa huko huacha shughuli zao na kushuka pwani na ndoo. Namba kubwa kabisa za mwaka hutokea Machi na Septemba, mchana unapolingana na usiku.

Ratiba ya maji hutolewa na Shom, idara ya Ufaransa ya upimaji wa bahari, na unaweza kuiona kwenye tovuti yao bure. Ukifika, nunua kijitabu cha mwaka kwenye duka la magazeti. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, na hakihitaji chaji. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa 24, kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana. Hakikisha pia kama kijitabu kimeshaongeza saa moja ya kiangazi, maana tofauti ya saa moja kwenye mchanga ule si jambo dogo.

Kuna siri nyingine inayorahisisha kupanga. Saint-Malo, siku za bamvua, maji hujaa asubuhi na tena jioni, na hupwa kabisa mchana, kuanzia saa saba hadi saa tisa hivi. Hizo ndizo siku za kutembea visiwani. Siku za maji mafu hugeuka: maji hujaa mchana, nayo ndiyo nafasi ya kuogelea na kupiga kasia. Kwa kuwa kutoka bamvua hadi maji mafu ni wiki moja, ushauri wangu ni huu: fika siku ambayo bamvua linaanza, kaa siku saba, utaziona sura zote mbili.

Kuhusu miezi, mimi ningechagua Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti ni likizo ya shule, vyumba hupanda bei na barabara nyembamba hujaa magari. Juni jua huzama baada ya saa nne usiku. Kwa msafiri Mwislamu hilo lina maana yake: Magharibi huingia saa nne na dakika kadhaa, na Isha husogea kuelekea usiku wa manane, basi usipange kuamka alfajiri ya mapema kwa matembezi bila kulihesabu. Septemba ndio mwezi ninaoupendelea. Bahari imekuwa ikipata joto kiangazi chote, watalii wamepungua, na bamvua kubwa linakuja.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo France-Visas, kisha unapeleka karatasi zako na kutoa alama za vidole kwenye kituo kilichoidhinishwa na ubalozi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mtoto aliye chini ya hapo hatozwi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 za mwisho. Kwa kweli omba miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu nafasi za miadi huisha upesi kiangazi kinapokaribia.

Karatasi zinazotazamwa sana ni taarifa za benki za miezi ya karibuni, barua ya mwajiri au hati za biashara, mahali pa kulala kwa kila usiku, tiketi ya kurudi, na bima ya safari inayolipia matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Andika ratiba yako ya siku kwa siku na uiambatanishe. Anayesema anakwenda Saint-Malo, Cancale na Dinan, na kwa nini, anaonekana ameifikiria safari yake.

Ndugu walio na kibali cha kuishi katika nchi nyingine ya Schengen hawahitaji viza tena. Walioko Uingereza wanaweza kuvuka kwa meli ya usiku kutoka Portsmouth na kuamka Saint-Malo, lakini kibali cha Uingereza hakitoshi. Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, bado unaihitaji.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Paris, uwanja wa Charles de Gaulle. Pale pale uwanjani, chini ya Terminali 2, kuna stesheni, na baadhi ya treni za kasi hutoka hapo moja kwa moja hadi Rennes, mji mkuu wa Bretagne, bila kuingia Paris. Hazitoki kila saa, kwa hiyo linganisha na muda wa ndege yako na uache nafasi ya kutosha ya kupita uhamiaji. Usipoipata, ingia Paris hadi stesheni ya Montparnasse. Tangu reli mpya ya kasi ilipofunguliwa Julai 2017, Paris hadi Rennes ni saa moja na nusu hivi, na zipo treni zinazoendelea hadi Saint-Malo.

Tiketi za treni za kasi, ziitwazo TGV, hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, basi nunua mapema. Tiketi za treni ndogo za mkoa, zinazoitwa TER, hazina shida hiyo. Unaweza kununua siku ile ile kwa ajili ya kipande cha Rennes hadi Saint-Malo, ambacho ni chini kidogo ya saa moja.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Kulala ndani ya kuta, sehemu inayoitwa Intra-Muros, kunapendeza usiku mmoja au miwili. Baada ya hapo nyumba za kupanga karibu na stesheni au kando ya ufuko wa Sillon ni nafuu zaidi, na unatembea kwa miguu hadi ukutani kwa dakika ishirini. Familia yenye watoto itanufaika na nyumba yenye jiko: kula hotelini kila siku huko kunamaliza fedha haraka, na soko la samaki lipo. Nyama halali ni rahisi kuipata Rennes kuliko Saint-Malo, kwa hiyo wanaoijali wanaweza kununua wakiwa njiani.

Ukiingia dukani, kwenye basi au kwa muuza mkate, anza na "Bonjour". Ni salamu, na huko kama kwetu, anayeanza na shida yake bila salamu ameshaharibu. Utaona nyuso zinavyobadilika.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, zunguka juu ya ukuta

Ingia kwa Porte Saint-Vincent, panda ngazi, na uzunguke mji wote ukiwa juu ya ukuta. Ni karibu kilomita 2, bure, na saa moja inatosha kama hutasimama. Lakini utasimama. Upande mmoja unatazama paa za mji, upande wa pili bahari, visiwa na ngome zilizochorwa na Vauban, mhandisi wa Mfalme Louis XIV: Fort National na Petit Bé, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1680. Wakati huo zilikuwa za kuzuia meli za Waingereza.

Kwenye buruji la Hollande walifugwa mbwa wakubwa wa ulinzi. Milango ya mji ilipofungwa usiku, mbwa hao waliachiwa kwenye fukwe, na aliyechelewa alijitafutia. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1770, baada ya mbwa kumuua ofisa wa jeshi la majini.

Ukitazama nyumba ndefu za mawe ya itale utadhani ni za karne ya 18 tupu. Nyingi si za wakati huo. Agosti 1944, katika mapigano ya kuwatoa wanajeshi wa Ujerumani, takriban asilimia 80 ya mji ulio ndani ya kuta iliteketea. Kuta zilibaki. Wenyeji waliamua kutojenga mji mpya wa zege. Walikusanya mawe yale yale, wakafuata urefu wa zamani na miinuko ya paa za zamani, wakaujenga tena. Kwa anayetoka Lamu, Mji Mkongwe au Kilwa, na anayejali majumba yetu ya matumbawe yanayoanguka moja baada ya jingine, hili ni la kutazama kwa makini. Mji unaweza kurudi watu wake wakiutaka.

Mtoto wa mji huu ni Jacques Cartier, aliyetweka kutoka hapa Aprili 1534 na kufika Kanada. Utaliona jina lake kila kona.

Hatua ya 6: Jua utajiri wa mji ulitoka wapi

Hatua hii haimo kwenye vipeperushi vingi vya utalii, lakini msomaji wa Kiswahili anastahili kuijua kabla ya kupiga picha.

Kando ya ukuta kuna sanamu ya Robert Surcouf (1773–1827), amenyoosha mkono kuelekea baharini. Alikuwa nahodha mwenye kibali cha serikali cha kuteka meli za adui, na mwaka 1800 aliiteka meli ya Waingereza iitwayo Kent katika Ghuba ya Bengal. Hilo ndilo linalosimuliwa. Surcouf pia alisafirisha watumwa katika Bahari ya Hindi, na aliendelea hata baada ya bunge la mapinduzi la Ufaransa kufuta utumwa Februari 1794.

Mwingine ni Mahé de La Bourdonnais, aliyezaliwa Saint-Malo mwaka 1699. Kisiwa kikuu cha Shelisheli kinabeba jina lake. Kuanzia 1735 alikuwa gavana wa Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Alijenga bandari ya Port Louis kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka Madagaska na Msumbiji. Baada ya zama zake njaa ya mashamba ya visiwa hivyo ya kutaka watumwa ilifika hadi kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyekuwa akija kutoka Île de France, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mstari kati ya bandari hii ya mawe na pwani ya Kilwa ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye ramani.

Meli za Saint-Malo zilikwenda hadi Mocha, Yemeni, kutafuta kahawa kuanzia 1708, na wafanyabiashara wake walitajirika kwa biashara ya India na Amerika ya Kusini. Ukitaka kuingia ndani ya nyumba ya mmoja wao, tafuta Demeure de Corsaire, jumba la 1725 la familia ya Magon lililonusurika moto wa 1944. Hutembelewa pamoja na kiongozi. Uliza maswali. Uliza nani alibeba, nani alilima, nani aliuzwa. Ziara huwa na maana zaidi mgeni anapouliza.

Hatua ya 7: Tembea visiwani maji yakipwa, kwa kanuni hii

Kabla ya kukanyaga mchanga, jifunze kanuni ya sehemu kumi na mbili. Maji huchukua kama saa sita kujaa, lakini hayajai kwa kasi moja. Gawa kimo chote sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ambayo tofauti ni mita 12, maana yake ni kwamba saa ya kwanza maji yamepanda mita 1 na unajiona salama kabisa, kisha katika saa ya tatu peke yake yanapanda mita 3. Watu wanaookolewa ni wale waliodanganywa na utulivu wa saa ya kwanza.

Kwa hiyo toka nusu ya pili ya maji kupwa, na maji yakianza kurudi, wewe pia anza kurudi. Namba ya dharura za baharini nchini Ufaransa ni 196, na ya dharura zote ni 112. Ziweke kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani. Njia ikishafunikwa, baki kisiwani na usubiri. Usijaribu kuvuka hata kama maji yanafika gotini tu, kwani mkondo pale una nguvu kuliko mguu.

Shuka ufuko wa Bon-Secours, nje kidogo ya ukuta. Njia ya mawe inakupeleka Grand Bé, kisiwa chenye majani na upepo. Upande wa bahari kuna kaburi la mwandishi Chateaubriand, mzaliwa wa mji huu, aliyezikwa hapo mwaka 1848. Ni bamba la itale na msalaba, bila jina juu yake. Aliomba asisikie chochote ila bahari na upepo, na kibao cha karibu kinawasihi wapita njia waheshimu ombi hilo. Maji yakipwa zaidi, unaendelea hadi ngome ya Petit Bé. Siku za maji mafu sana, njia hizi huenda zisifunguke kabisa.

Bon-Secours pia kuna bwawa la maji ya bahari lenye mnara wa kurukia, la miaka ya 1930. Maji yanapopwa na bahari kwenda mbali, bwawa hubaki limejaa. Kwa watoto hakuna mahali pazuri zaidi, ingawa maji ni baridi: Agosti huwa nyuzi 17 au 18, na aliyezoea bahari ya Bamburi au Nungwi atastuka.

Jioni ya bamvua, maji yakijaa na upepo ukivuma kutoka baharini, nenda ufuko wa Sillon. Utaona safu za magogo ya mwaloni yaliyochomekwa mchangani kuvunja nguvu ya mawimbi. Mawimbi hupanda juu ya ukuta na kumwagika barabarani. Tazama ukiwa mbali na ngazi.

Hatua ya 8: Mont-Saint-Michel

Kwa treni, nenda Dol-de-Bretagne, ubadilishe kwenda Pontorson, kisha basi dogo. Yapo pia mabasi kutoka Rennes. Mapokeo yanasema askofu Aubert wa Avranches alianzisha kanisa juu ya mwamba huu mwaka 708. Abasia (makao ya watawa) iliyopo sasa ilijengwa karne baada ya karne juu yake, na tangu 1979 mlima na ghuba yake vimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kijiji huingiwa bure, abasia kwa tiketi. Nunua tiketi kabla, na ufike mapema asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu katikati ya siku kichochoro kimoja cha kijiji hujaa watu bega kwa bega.

Kwa mtazamo wangu, ziara iliyo bora kuliko abasia yenyewe ni kuvuka ghuba kwa miguu mitupu. Bahari hapo hurudi nyuma hadi kilomita 15, na kutoka Genêts, upande wa pili, ni mwendo wa kama kilomita 7 juu ya mchanga na kupita mito midogo. Usiende bila kiongozi mwenye kibali. Kuna mchanga unaomeza miguu, ukungu unashuka ghafla, na maji hurudi kwanza kupitia vijito vilivyo nyuma yako huku mbele yako pangali pakavu. Nafasi za viongozi huwekwa wiki kadhaa mapema, na saa ya kuondoka hupangwa na maji.

Daraja jipya la kwenda Mont lilifunguliwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya barabara ya tuta iliyokuwa ikizuia maji na kukusanya mchanga. Lengo lilikuwa kuurudishia mlima bahari yake, na siku za bamvua kubwa kabisa unazungukwa na maji pande zote.

Hatua ya 9: Cancale, na kula kwa jumla

Basi la mji wa Saint-Malo hufika Cancale. Shuka hadi bandari ya La Houle. Karibu na mnara mdogo wa taa kuna vibanda vya wafugaji wa chaza. Unachagua dazani moja, muuzaji anazifungua, anakupa nusu ya limau, unakaa kwenye ukuta ukitazama mashamba ya chaza yaliyo wazi maji yakipwa, na maganda unayatupa chini ufukweni pamoja na ya wengine. Namba kwenye chaza zenye umbo la kikombe huenda kinyume: namba 5 ni ndogo, namba 1 ni kubwa. Anza na ndogo kama ni mara yako ya kwanza. Zinaliwa mbichi, kwa hiyo mjamzito na mwenye tumbo jepesi aache. Kuna pia aina bapa, ya asili ya hapo, ladha yake ni kali zaidi na bei yake pia.

Kome wa ghuba hii wamepewa alama ya AOP ya kulinda asili yao, na ni watamu sana. Kwa asiyetumia kileo, angalia: wakiandikwa "marinières" huwa wamepikwa kwa mvinyo mweupe. Uliza "sans vin". Cidre ni kileo cha tufaha. Maji ya tufaha yasiyo na kileo huitwa "jus de pomme" na hutoka kwenye bustani zile zile.

Chakula cha kila siku cha Bretagne ni galette, chapati ya maji iliyotengenezwa kwa unga wa nafaka nyeusi iitwayo sarrasin, ikakunjwa juu ya yai na jibini. Ile ya kawaida, "complète", ina nyama ya nguruwe. Sema "sans jambon" na watakupikia bila shida. Baada yake kuna crêpe ya ngano yenye siagi ya chumvi na sukari, na keki ya kouign-amann, iliyotokea Douarnenez, ambayo ni siagi na sukari zikishikiliwa na unga kidogo. Gawaneni watu wawili.

Mikahawa hupika mchana kati ya saa sita na saa nane, na usiku kuanzia saa moja. Ukifika saa tisa mchana una njaa, utapata mkate tu.

Hatua ya 10: Njia ya walinzi wa forodha

Njia ya miguu ya GR34 inafuata pwani ya Bretagne yote, karibu kilomita 2,000. Ilianzia kwenye doria za maofisa wa forodha waliokuwa wakisaka magendo baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Huhitaji ramani kubwa. Fuata alama za mstari mweupe na mwekundu kwenye mawe na miti.

Vipande viwili vinatosha kwa wiki moja. Cha kwanza ni kutoka bandari ya Cancale hadi Pointe du Grouin, saa mbili hivi, ukiona ghuba yote na, siku angavu, kivuli cha Mont mbali. Mbele ya rasi kuna kisiwa cha Landes, hifadhi ya ndege, wanapozaana mnandi.

Cha pili ni Rasi ya Fréhel hadi Fort La Latte, ngome ya karne ya 14 iliyokaa juu ya mwamba kama imeota hapo. Magenge ya Fréhel ni ya mawe mekundu-waridi, na juu yake kuna vichaka vifupi vinavyochanua zambarau na manjano mwishoni mwa kiangazi. Majira ya kuchipua ndege wa bahari hutotoa kwenye kuta za genge. Kaa ndani ya njia: udongo ule ni mwembamba na mmea uliokanyagwa huchukua miaka kurudi. Hapa ndipo gari la kukodi linafaa, au meli ya matembezi kutoka Saint-Malo wakati wa msimu. Vaa viatu vinavyoshika na koti la mvua hata kama asubuhi ina jua.

Hatua ya 11: Mto Rance, Dinard na Dinan

Kutoka Saint-Malo, kivuko kidogo kinakupeleka Dinard kwa dakika kumi. Ni mji wa majumba ya kifahari ya mwisho wa karne ya 19, yanafaa kutazamwa kwa matembezi ya jioni.

Ukirudi kwa barabara utapita juu ya bwawa la umeme la Rance, na hapo naomba usilale kwenye basi. Lilizinduliwa mwaka 1966, lina urefu wa mita 750 na mashine 24 zenye uwezo wa megawati 240, zikizungushwa na maji yanayojaa na kupwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini lilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote duniani vya aina yake, hadi Korea Kusini ilipofungua cha Sihwa mwaka 2011. Halina moshi, na ratiba yake inajulikana miaka mingi mbele kwa sababu mwezi hauchelewi. Ujenzi wake ulifunga mlango wa mto kwa miaka mitatu na kuua viumbe wengi, na tope bado hujikusanya nyuma yake, upande wa mto. Anayefikiria nishati ya bahari kwa nchi zetu aione faida na gharama pamoja.

Juu ya mto upo Dinan, mji wa nyumba za mbao na udongo zilizoegemeana, na mtaa mkali wa Jerzual unaoteremka hadi gatini. Wakati wa msimu unaweza kwenda kwa boti na kurudi kwa basi.

Hatua ya 12: Panga siku zako saba

Ukifika bamvua linapoanza, mpangilio unaofaa ni huu. Siku ya kwanza, ukuta na mji. Ya pili, Grand Bé mchana na Sillon jioni. Ya tatu, Mont-Saint-Michel na ghuba. Ya nne, Cancale na Pointe du Grouin. Ya tano, Dinard na Dinan. Kumbuka kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, basi siku ya sita maji yameanza kufa na bahari inajaa karibu na mchana: nenda Fréhel, ambako maji yaliyojaa chini ya genge ndiyo yanayopendeza. Siku ya saba ni ya kuogelea, kujifunza tanga kwenye mojawapo ya shule za ufukweni, au kutofanya chochote.

Weka nafasi kwa mpangilio huu: miadi ya viza, ndege, kiongozi wa ghuba, treni ya kasi, halafu malazi, ili karatasi zote ziwe tayari siku ya miadi. Kiongozi wa ghuba anatangulia malazi kwa sababu siku zake zinafuata maji na haziwezi kusogezwa. Mengine yote yanaweza.